Ua si mbuzi wa sikukuu

Jirani yangu, bibi mmoja wa Kigogo, alisimama kwenye uzio wa minyaa akazitazama dalia zangu, maua marefu ya bustani, kisha akauliza: "Mwanangu, hawa mbuzi unawachinja lini?"

Nilikuwa nimezifunga kwenye vipande vya nondo vilivyobaki kwa fundi, kamba imekaza hadi majani yamebanana kama ufagio. Siku hiyo sikucheka.

Hapa Nzuguni, Dodoma, upepo haupigi hodi. Ikikaribia Nanenane, vumbi linatimka na kila kirefu kinalala: dalia, kosmosi, alizeti za mapambo. Wengi wetu ndipo tunapokimbilia vijiti. Kwangu huko ni kuchelewa. Shina likishalala siku mbili tatu, ncha yake inajipinda kwenda juu. Ukiliinua unabaki na ua lenye kiwiko.

Dalia ndiyo korofi kuliko zote. Chini ina viazi, sasa ukija kuchomeka mti baadaye unavitoboa, vinaoza. Mti usimamishwe siku ile ile unayofukia kiazi. Na shina lake lina uwazi ndani kama mrija: kamba ikilibana, upepo ukaja, linavunjika penye fundo la kamba. Ndivyo nilivyopoteza tatu kwa usiku mmoja, na zote zilikuwa zimefungwa! Ile ambayo sikuwahi kuifunga ililala tu.

Nondo nimeachana nazo. Zinateleza, fundo linashuka hadi chini. Fito nazo, mchwa wa huku wanazijua. Nimewahi kuchomoa moja nikabaki na ganda la udongo mkononi. Wapo wanaozipaka oili chafu, mimi siitaki kwenye udongo ninaopanda.

Nimeiga wakulima wa zabibu: nguzo moja kila mwisho wa tuta, katikati waya mbili, ya chini usawa wa goti, ya juu usawa wa kiuno. Nguzo mbili naweza kuzikagua mchwa. Vijiti ishirini siwezi. Kufungia natumia tyubu chakavu ya baiskeli, nakata vipande vyembamba, nazungusha kama namba nane, kitanzi kimoja kwenye waya, kingine kwenye shina, kidole kipite ndani. Shina liyumbe kidogo, maana linaloyumba ndilo linalonenepa.

Bibi alipita juzi. Aliomba kiazi kimoja, na kipande cha tyubu.