Kikao cha Balbu

Umeme wa luku yetu ya pamoja umekata jana usiku, na leo kabla sijapiga mswaki nimeitwa kikao uani. Mimi, mwandishi mtarajiwa, nimekalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa nijibu tuhuma za balbu.

Ratiba yenyewe ya kuandika alfajiri nimeitoa kwa Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19. Kazi yake posta, lakini saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa iko mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Akaacha riwaya 47. Ila huyo bwana alikuwa na mtumishi anayelipwa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kumwamsha na kumletea kahawa. Mimi naamshwa na jogoo wa Mama Zuhura, bure, saa tisa.

Jioni nilishajaribu: spika za baa. Mchana kazini: bosi ana macho kisogoni.

Basi Mama Zuhura, mwenyekiti wa kujichagua, akafungua kikao.

"Baba Junior, alfajiri yote taa yako inawaka. Kulikoni?"

"Naandika kitabu, mama."

Kimya. Mtu akakohoa.

"Kitaisha lini?"

"Bado sijajua hata mwisho wake."

"Mmesikia? Umeme wetu unaliwa na kitu ambacho mwenyewe hajui mwisho wake!"

Kijana wa bodaboda akadakia: "Bro, na mimi nimo humo?" Nikasema hayumo. Akanuna, akahamia upande wa mashtaka.

Nikasimama kwa heshima zote nikawapigia hesabu. Balbu ya wati 5, saa moja kila alfajiri: uniti moja ya luku inanifikisha siku 200! Shakespeare mwenyewe angeomba achangie chumba na mimi. Wakanisikiliza vizuri kabisa, halafu wakaamua niongeze elfu mbili kila mwezi. Ya kitabu.

Jamani, elfu mbili! Na friji je? Friji la Mama Zuhura linanguruma usiku na mchana, linagandisha barafu za ubuyu za biashara, na hilo halijaitiwa kikao hata siku moja. Na barafu zenyewe siku hizi ni maji matupu yaliyooneshwa rangi kwa mbali, kipakti kimepungua, bei imepanda, na ukimpa noti ya elfu anakwambia chenji hana, chukua barafu nyingine.