Kisasi cha dada wa jicho moja: ametetewa au ametumiwa tena?

Sisi tuliokulia vibanda vya video tunaijua hii kanuni tangu utotoni, steringi lazima kwanza aonewe, apigwe, auliwe ndugu zake, halafu apotee huko akajifunze, siku akirudi kibanda kizima kinasimama juu ya mabenchi. Sasa kuna muvi ya Sweden ya 1973 inaitwa Thriller – en grym film, yaani muvi katili, imefuata kanuni hiyo hatua kwa hatua, ila steringi wake ni binti asiyeongea, na anachofanyiwa kabla ya kurudi ni kizito kiasi kwamba mpaka leo watu wanabishana kama muvi inamtetea au na yenyewe imo kwenye foleni ya wateja wake.

Stori kwa kifupi. Madeleine, kacheza Christina Lindberg, alibakwa akiwa mtoto na sauti ikakata palepale. Amekua, anaishi shamba na wazazi, siku moja kachelewa basi, jamaa mtanashati anaitwa Tony anampa lifti, chakula, mvinyo, na akija kuzinduka ameshazoeshwa unga na yuko kwenye danguro. Mteja wa kwanza alipomjia, Madeleine akamparua uso. Tony kumuadhibu anamtoboa jicho. Halafu anawaandikia wazazi barua za matusi kana kwamba zimetoka kwa binti yao, wazee wanajiua. Madeleine ana siku moja ya mapumziko kwa wiki, basi vile vijisenti anavyoficha anaenda kulipia mafunzo ya karate, ya kulenga shabaha, na ya kuendesha gari kwa kasi. Mengine mnayajua.

Aliyeitengeneza ni Bo Arne Vibenius, mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya Ingmar Bergman, mwongozaji nguli wa Sweden, kwenye muvi ya Persona ya 1966, kwa hiyo si kwamba hakujua sinema nzuri inafananaje. Muvi yake ya kwanza ilimpotezea hela nyingi, na mwenyewe alishakiri kwamba hii ya pili aliifanya ili iuze. Jina lake hakuweka, akajiita Alex Fridolinski. Bodi ya sensa ya Sweden ikaikataa, Marekani ikakatwakatwa na kutangazwa kwamba ndiyo muvi ya kwanza kabisa kupigwa marufuku Sweden, na huo ni uongo wa biashara tu, maana The Gardener ya Victor Sjöström ilifungiwa kulekule tangu 1912. Baada ya hapo ikabaki kama hadithi ya wakusanya kanda, mpaka Tarantino alipotoa Kill Bill 2003 na watu wakaanza kuulizia yule muuaji wa kike wa mle ndani, Elle Driver mwenye jicho moja, katokea wapi, mwaka uliofuata DVD ikatoka Marekani, na hapo ndipo mjadala ukaanza upya.

Wanaoitetea wana hoja, tusiwapuuze. Wanasema hakuna muvi ya kisasi ya enzi zile iliyokaa upande wa mwanamke kiasi hiki, hakuna polisi mwema wala mpenzi wa kuja kumuokoa, kila kitu anakifanya mwenyewe na kwa hela yake. Na huo ububu wake una nguvu kweli. Muvi nzima hasemi neno hata moja, unabaki kuangalia lile jicho moja na kile kipande cha kufunika jicho ambacho kinabadilika rangi kufuatana na nguo aliyovaa, kuna chekundu, kuna cha pinki, na akiingia kazini kwa kisasi ni cheusi na koti refu jeusi na shotigani iliyokatwa mtutu. Wanaume wakipigwa risasi wanaanguka polepole mno, damu inatoka mdomoni kama uji, mpaka unachoka. Wengine wanacheka hapo, mi sikucheka, niliona kama yule binti anataka kila sekunde ihesabiwe.

Ila sasa upande wa pili. Ndani ya muvi kuna vipande vya ngono halisi, vimechezwa na watu wengine wala si Lindberg, halafu vikabandikwa katikati ya mateso yake. Watetezi wanasema vile vipande ni baridi na vibaya makusudi, mtazamaji achukie. Inawezekana. Lakini kumbuka aliyevibandika ndiye huyohuyo aliyesema anatafuta muvi ya kuuza, na mwaka 1973 kitu cha namna hiyo Ulaya kilikuwa na soko, sasa ukiniambia ni falsafa nitakuomba risiti. Halafu kuna mambo ya nyuma ya kamera, kwamba kwenye mapigano zilitumika risasi za kweli, dada wa watu akaombwa ajichome sindano kweli, ya maji ya chumvi, na wenye muvi wakamkatia bima kubwa ya maisha. Bima! Yaani walishapiga hesabu kabisa kwamba anaweza kufa, wakaendelea kushuti.

Na huo ububu niliousifia, wapinzani wanaugeuza: steringi asiyeongea ni rahisi kumvalisha, kumvua na kumpiga picha, hana la kujibu. Hapo nilikwama muda mrefu.

Kilichonikwamua ni kwamba kuna matoleo mawili, moja lina vile vipande na jingine halina, na unaweza kuyatazama yote. Lisilo navyo halijapungukiwa chochote. Hasira ipo palepale, ukimya uleule, kisasi kilekile, tena kinauma zaidi kwa sababu hakuna anayekutoa kwenye uso wa Madeleine kwenda kukuonyesha mwili wa mtu mwingine. Kwa hiyo mi nasema muvi ya kumtetea ipo kweli mle ndani, ila mwenyewe aliyeitengeneza aliifunika kwa tamaa ya hela, na kama unataka kuitazama, anza na hiyo fupi, isiyo na vile vipande. Cheki mwisho wake. Tony kafunikwa na mawe kichwa tu ndiyo kiko nje, kamba shingoni, ncha ya pili kafungwa farasi, na mbele kidogo ya farasi kuna ndoo ya chakula. Madeleine havuti kamba. Anasubiri farasi apate njaa.