Kompyuta ya maji isiyo na koki haijakamilika

Tazama picha za kompyuta za maji, yaani zinazopozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu, zinazosifiwa siku hizi. Bomba za akriliki (plastiki ngumu angavu) zimekunjwa pembe mraba, kioevu cheupe kama maziwa kimejaa tangini, feni zinawaka rangi zote. Kisha tafuta koki ya kutolea maji. Mara nyingi huioni, kwa sababu haipo. Mtu amenunua rejeta mbili za 360 (milimita, za kukaa feni tatu), bloku ya prosesa (kipande cha chuma kinachopitisha maji juu ya chipu), bloku ya kadi ya grafiki, pampu ya aina ya D5, fitingi (viungio) ishirini na ushei, halafu amekiacha kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha.

Mfumo wa maji lazima ufunguliwe. Maji hubadilishwa kila baada ya miezi 12 hivi. Kadi hubadilishwa. RAM ikisumbua na bomba limepita mbele yake, bomba litatoka. Anayejenga kana kwamba mashine haitaguswa tena anajiwekea deni, na deni hilo hudaiwa siku ambayo lita nzima ya maji imo ndani na hakuna mlango wa kuitoa.

Bila koki, mtu hulegeza fitingi ya chini kabisa anayoifikia. Maji hayatoki kwa adabu. Yanamwagika kwa mkupuo juu ya pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) na juu ya mazabodi (bodi kuu), mkono mmoja umeshika bakuli, mwingine umeshika bomba linaloteleza. Anafuta, anaona pamekauka, anawasha. Tone moja limebaki ndani ya sloti ya PCIe, inamochomekwa kadi. Kioevu kipya hupitisha umeme kidogo sana, hilo ni kweli, lakini kikishazunguka kwenye shaba na nikeli kwa miezi kadhaa huokota ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za metali, na vumbi lililolala juu ya bodi humalizia kazi. Wanaosema maji yao hayapitishi umeme wanazungumzia yaliyo kwenye chupa, si yale yaliyozunguka mwaka mzima.

Dawa yake ni vitu vitatu: fitingi ya T ya G1/4 (kipimo cha nyuzi za kukazia), koki ya G1/4 na kizibo. Mahali pake ni sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, kwa kawaida kwenye tundu la ziada la pampu au chini ya tangi, au kwenye mpira unaoingia kwenye pampu ikiwa tundu la ziada halipo. Rejeta ikiwa imelala sakafuni mwa kasha, tundu lake la chini linafaa zaidi. Mdomo wa koki utazame upande ambao kasha hufunguka, si ukutani. Siku ya kutoa maji, kwanza fungua kizibo cha juu cha tangi, maana hewa isipoingia maji hayashuki. Chomeka kipande cha mpira kwenye mdomo wa koki, kiingie ndooni, fungua. Yakikoma, inamisha kasha mbele, nyuma, kisha ubavuni. Rejeta ya juu huwa bado imeshikilia maji, kwa hiyo puliza taratibu kwenye tundu la tangi, kwa mdomo au kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Dakika kumi zinatosha, na sakafu inabaki kavu.

Walioko Dar, Mombasa au Kampala huagiza fitingi hizi Ujerumani au China na kuzisubiri kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kishawishi cha kukimbilia duka la vifaa vya bomba nakielewa. G1/4 ni nyuzi zilezile za robo inchi anazozijua fundi bomba. Lakini fitingi nyingi za dukani zina nyuzi zilizochongoka: hunenepa kadiri zinavyoingia, na huziba kwa kubanana pamoja na ile tepu nyeupe. Za kompyuta ni nene sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kinachozuia maji ni oringi, yaani pete ya mpira. Ukikaza fitingi iliyochongoka kwenye tangi la akriliki, tangi linapasuka, pengine si siku hiyo bali wiki mbili baadaye likishapata joto. Kama ni lazima ununue hapohapo, chukua ya shaba tupu yenye nyuzi zilizonyooka na bega bapa la kulalia oringi. Ya chuma kilichopakwa zinki usiiguse. Tepu haihitajiki popote: kaza kwa mkono mpaka oringi ibanike, ongeza kidogo sana, basi.

Alumini na shaba visikutane kwenye maji mamoja, hata kama muuzaji amekuapia kuhusu kioevu chake. Alumini ndiyo italiwa.

Sasa bomba lenyewe. Nakubali shingo upande kwamba bomba gumu lililokunjwa vizuri linapendeza macho. Lakini kila kipande chake kimekatwa kwa milimita, kutoka tundu hili hadi lile, na siku tundu likisogea kipande hicho ni taka. Mpira mweusi wa EPDM (aina ya mpira sanisi) wa milimita 10 ndani na 16 nje hauna shida hiyo. Ukiuachia sentimita mbili au tatu za ziada, kadi mpya ikija na matundu mahali pengine, mpira unapinda na kufika. Tena hauna vilainisho (kemikali za kulainisha plastiki) vinavyotoka. Ule mpira laini unaopitisha mwanga, wa PVC, huachia vilainisho vyake taratibu ndani ya maji, navyo hugeuka ute unaonasa kwenye mifereji ya bloku ambayo mingi haifiki hata nusu milimita. Mtu huona joto la prosesa linapanda nyuzi tano, nane, kumi ndani ya mwaka, anabadilisha pesti ya joto iliyo kati ya chipu na bloku mara tatu, kumbe bloku imeziba. Kioevu cha rangi ya maziwa hufanya hivyohivyo: rangi yake ni chembe zinazoelea, na chembe hutuama pale maji yanapopita polepole. Tumia kioevu kisicho na rangi, au maji ya betri yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na uoto iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kwa maji ya betri soma kibandiko kabla ya kumimina, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo hukaa asidi.

Koki na mpira huonyesha thamani yake wakati wa kubadilisha kadi. Kadi za NVIDIA huzidi kula umeme, na umeme huo hugeuka joto: RTX 3080 ilikuwa ya wati 320. RTX 4090 ya mwaka 2022 ni 450, RTX 5090 ya 2025 ni 575. Bloku ya prosesa huhama nawe: iliyokaa kwenye soketi ya AMD ya AM4 kwa kawaida hukaa kwenye AM5, ya soketi ya Intel ya LGA1700 hukaa kwenye LGA1851, na aliyetoka LGA1200 alihitaji mabano mapya tu. Bloku ya kadi inayofunika bodi nzima mara nyingi haihami. Imechongwa kufuata bodi moja, na kadi mbili zenye chipu ileile kutoka kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwa kila skrubu. RTX 5090 ya NVIDIA wenyewe, ile ya Founders Edition, imegawanywa katika bodi tatu, na bloku ya kadi nyingine yoyote haiikubali. Kwa hiyo hela nyingi iende kwenye rejeta, pampu na fitingi, vitu vya kukaa miaka kumi. Bloku ya kadi iwe ya kawaida, na ukiinunua linganisha jina kamili la kadi hadi herufi ya mwisho.

Kadi mpya usiivue siku ile ile. Iache na feni zake siku kadhaa, iendeshe kwa mzigo mzito, ijulikane kuwa ni nzima, kwa sababu kuirudisha ikiwa imeshafunguliwa ni ugomvi. Kabla ya kuivua, iwashe dakika kumi pesti ilainike, kisha zima na uchomoe kila kitu. Toa skrubu, nyanyua kipozeo polepole kwa kukitikisa kidogo kushoto na kulia, kwani chini yake kuna nyaya za feni ambazo mvuto mmoja wa nguvu utazing'oa pamoja na soketi. Safisha chipu kwa alkoholi ya isopropili. Halafu pedi za joto, na hapa ndipo wengi huharibu: kijitabu kikisema milimita 1 kwenye memori na 1.5 kwenye sakiti za umeme, ni hivyo hivyo. Pedi ikizidi unene, bloku haigusi chipu sawasawa, na kadi itafika nyuzi 90 huku maji yakiwa na 40. Kaza skrubu nne za chipu kwa kupishana kimshazari, robo mzunguko kila moja, mpaka zote zifike.

Jaribu kuvuja kwa hewa kwanza, si kwa maji. Kipimo chenye pampu ndogo ya mkono, shinikizo la nusu ba, dakika 15. Mshale ukishuka, legeza na ukaze upya fitingi moja moja. Tone la sabuni na povu husaidia tu kwa fitingi zilizo mbali na bodi.

Mpangilio wa mzunguko usikuumize kichwa. Wati 600 zikiingia kwenye maji yanayokwenda lita 4 kwa dakika huyapandisha nyuzi 2 hivi tu, kwa hiyo rejeta kabla ya kadi au baada yake ni mamoja. Sharti ni moja: tangi litangulie pampu na likae juu yake, kwa sababu D5 hulainishwa na maji inayoyasukuma na ikizunguka kavu inajiharibu.

Kwa prosesa pekee sioni haja ya haya yote. Ryzen 9 7950X imeruhusiwa na watengenezaji wake kufika nyuzi 95, na joto lake hukwama kutoka kwenye silikoni kwenda kwenye kifuniko, kabla halijafika kwenye maji. Faida iko kwenye kadi, na kwenye ukimya. Pwani faida hiyo ina mpaka wake: chumba kikiwa na nyuzi 32 na rejeta zikifanya kazi nzuri, maji yatatulia 42 au zaidi. Usijaribu kuyashusha chini ya joto la chumba kwa barafu au jokofu. Kwa unyevu wa Machi umande utakaa juu ya bloku kama kwenye chupa ya soda, na kutoka hapo utateremka hadi kwenye soketi.

Kujaza upya hufanywa mazabodi ikiwa haina umeme hata kidogo. Toa kwenye mazabodi plagi ya pini 24 inayotoka kwenye pawasaplai, unganisha waya wa kijani na mmoja wa nyeusi kwenye plagi hiyo (kama nyaya zote ni nyeusi, hesabu pini ya 16 na yoyote ya ardhi jirani yake), pampu peke yake ikiwa imechomekwa kwenye pawasaplai. Jaza tangi, washa sekunde tatu, zima, jaza tena. Rudia mpaka maji hayashuki. Iache izunguke saa kadhaa na tishu chini ya kila fitingi, huku ukiinamisha kasha mara kwa mara viputo vitoke rejetani. Na kabla ya kurudisha ubavu wa kasha, kaza kizibo kwenye mdomo wa koki. Mkono wa koki hugeuzwa kwa urahisi na waya unaovutwa au kiwiko kinachopita.