Nionyesheni Hekta Yangu

Mpwa wangu wa chuo kikuu alikuja kutoka Nairobi akasema anakaa siku tatu. Leo ni ya ishirini na moja, na mswaki wake bado umo kwenye bilauri yangu. Sisemi kitu, ni mtoto wa dada yangu.

Juzi usiku stima imepotea, tumeketi kibarazani twajipepea kwa vifuniko vya ndoo, akatoa simu. "Mjomba, njoo nikupime unyayo."

Nikamnyooshea mguu. "Navaa ndara nambari tisa."

"Sio huo. Unyayo wa kiikolojia."

Ati kuna wataalamu wawili, William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel, wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Kanada. Mapema miaka ya 1990 waliketi wakapiga hesabu: kila unachokula, unachochoma, unachovaa na unachotupa kinahitaji kipande cha ardhi au bahari cha kukitoa, na msitu wa kuumeza moshi wake. Ukijumlisha vyote wapata hekta. Kila mtu na zake.

"Yaani mie nina hekta?"

"Unatumia hekta, Mjomba."

Kutumia, kuwa nazo, mie sikio lilishashika neno hekta. Hekta ni kama eka mbili na nusu. Hapa Kisauni, Mombasa, watu wanapelekana kortini kwa ploti ya futi 50 kwa 100, na hekta moja yatoa ploti kama hizo 21, na pabaki pa kuchimba choo. Nikavuta kiti karibu.

Swali la kwanza, nala nyama mara ngapi. Mke wangu akajibu kutoka ndani: "Wauliza ya mwezi huu ama ya mwaka huu?" Mpwa akaandika "mara chache". Kwa mwaka nakaa saa ngapi ndani ya ndege? Nikamwambia ndege ninayemjua mie ni kuku, naye ni wa Idi. Stima hakuniuliza, alijijibu mwenyewe: stima ya Kenya nyingi yatoka kwenye mvuke wa chini ya ardhi huko Olkaria, mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Turkana, kwa hivyo unyayo wake si mzito.

"Na ikipotea kama hivi?"

"Hiyo ndiyo nyepesi kabisa, Mjomba."

Nikasema alhamdulillahi, kumbe hawa wanaotukatia wanatufanyia hisani.

Kisha likaja la takataka: zako ni nyingi au chache kuliko za jirani? Sasa hapo mtu mwaminifu hakisii. Nikachukua tochi nikaenda kulichungulia pipa la jirani. Ndio kwanza nimefunua kifuniko, jirani huyo mlangoni, na kikoi kifuani. "Kuna nini?" Utamweleza nini mtu saa nne za usiku? Nikamwambia napima unyayo. Tangu siku hiyo akiniona anaingiza kuku wake ndani.

Kilichoniponza ni makaa. Gesi ilitwishia zamani, mbaazi zapikwa kwa seredani, na mbaazi hazina haraka, zinaketi motoni kama mpwa wangu kibarazani. Akasema tanuri la udongo huko porini hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Mke wangu akatoka na mwiko mkononi akauliza kama hao wa Kanada wanataka mahamri yaliwe na maji. Hakuna aliyemjibu.

Hesabu ikatoka: hekta 1.4. Fungu la kila mtu duniani ni kama hekta 1.5. Mmarekani mmoja atumia zaidi ya 7. Binadamu wote kwa jumla tunaishi kana kwamba tuna dunia 1.8, na mwaka 2025 riziki ya mwaka mzima ilikuwa imekwisha tarehe 24 Julai. Anayasema haya kwa uchungu. Mshahara wangu huisha tarehe tisa, sijaona mtu wa Kanada akinihesabia.

"Basi nimebakisha 0.1. Yauzika?"

"Haiuziki. Lakini waweza kupunguza zaidi."

Sijui kilichoniingia ni nini. Asubuhi nikatoka kwa miguu kwenda Marikiti, kikapu cha ukili kwapani. Ya mifuko ya plastiki hunikuti nayo, tangu 28 Agosti 2017 faini yake yafika milioni 4, na mie ukiniuza pamoja na kikapu hufikishi. Kufika juu ya daraja la Nyali shati limenigandama mgongoni. Kufika Mwembe Tayari nimekwisha kunywa madafu mawili. Kurudi, nina nazi sita na mchele kilo nne, nikapanda tuktuk. Nyumbani nikaoga mara mbili kutoa jasho, maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi, maana mfereji wetu siku hizi watoa upepo tu. Huo upepo labda Turkana wangeutaka.

Naingia ndani, mpwa wangu amelala chali, pangaboi limemwelekea, simu iko chaji, sahani ya mahamri haina hata chenga. Nikamwambia kwa upole kwamba mgeni naye huongeza unyayo wa nyumba.

"Hapana, Mjomba. Nyumba na stima hugawanywa kwa vichwa. Tukiwa wengi, fungu lako lapungua." Akaibonyeza simu mbele yangu, watu sita wakawa saba. 1.4 ikawa 1.3. "Waona? Nakusaidia."

Mke wangu akatokea mlangoni, akasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Jembe sikuwa nalo. Nimeliazima kwa jirani, yule yule wa pipa, amenipa bila kuuliza chochote na akafunga mlango kwa komeo. Nimelisimamisha karibu na mswaki. Nimemwambia mpwa wangu hekta 1.3 si haba, anionyeshe tu ziko wapi, alfajiri tukalime. Mpaka sasa anatafuta kwenye simu.