Watu wa usafi na walinzi vyuoni, wawe wa chuo au wa kampuni?

Tukiongelea maslahi ya wafanyakazi wa vyuo vikuu mjadala unaishia kwa wahadhiri, ukizidi sana unagusa makatibu muhtasi na watu wa udahili, ila anayedeki vyoo vya hosteli na askari wa getini hawatajwi kabisa, na siku hizi sehemu nyingi hao wala sio waajiriwa wa chuo, ni watu wa kampuni iliyoshinda tenda.

Uongozi una hoja zake na ni za kweli. Chuo cha umma hapa Tanzania hakijiajirii tu, lazima nafasi iwe kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, kibali kitoke, tangazo lipite Sekretarieti ya Ajira, na wakati unasubiri madarasa yanachafuka. Kibali kikikosekana unalipa kwa mapato ya ndani ambayo ndiyo hayo hayo yanasubiriwa na maabara. Kampuni ukiiambia mtu hajafika leo inaleta mwingine, kazi inaendelea.

Sawa. Lakini kwenye tenda ya usafi gharama kubwa ni nini? Sio sabuni wala mafagio, ni watu, kwa hiyo kampuni zikishindanishwa kwa bei pa kupunguza ni mahali pamoja tu, kwenye mshahara. Hapa ndipo mimi naona tatizo lenyewe lilipo. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 mpaka 500,000 kwa mwezi, mhudumu aliyeajiriwa na chuo akaingia humo, wa kampuni anayesafisha jengo lile lile hakumo, yeye anahesabiwa kwa kima cha sekta binafsi. Halafu tenda ikiisha inakuja kampuni nyingine, inawachukua watu wale wale kama wageni, mtu yupo hapo chuoni miaka na miaka ila kwenye mkataba ana miezi minne, likizo na kiinua mgongo vinaanza upya.

Afrika Kusini walishapita huko. UCT, Chuo Kikuu cha Cape Town, ilikabidhi usafi kwa makampuni 1999, 2015 wanafunzi walipoandamana kuhusu ada wakaunganisha na madai ya hawa wafanyakazi, chuo kikakubali, na kuanzia Julai 2016 zaidi ya watu elfu moja wakawa waajiriwa wake. SOAS, chuo cha London wanakofundisha Kiswahili, nao walikubali 2017 kuwaajiri wenyewe baada ya wasafishaji kupambana miaka mingi. Ila tusidanganyane, bili ilipanda, na UCT mwaka huo huo walikuwa wanabana matumizi, kwa hiyo anayesema wote waajiriwe kesho aseme na hela inatoka wapi.

Kwangu mimi lifti na jenereta zibaki kwa kampuni, pale chuo kinanunua utaalamu. Kazi ya kila siku isiyoisha iwe ya chuo, hata kama ni taratibu, wachache kila mwaka wa bajeti. Na kwa sasa kinachowezekana bila kibali cha mtu ni kuandika mshahara wa chini ndani ya tenda yenyewe ili bei isishushwe kupitia hapo, kampuni ilete uthibitisho wa michango ya wafanyakazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kabla invoisi haijalipwa, na kampuni mpya ianze na watu waliopo. Chuo nacho kilipe kwa wakati, maana kampuni ikicheleweshewa hela miezi mitatu inayokatwa kwanza ni mishahara.