Nilivyofika Mwaloni Nikiwa Mzigo

Kabla hamjaanza kucheka, tuelewane: paa lilipanda, na paa lilishuka. Kazi za paa la kupandishwa ni hizo mbili tu, na langu lilizifanya zote. Kwamba lilishuka saa kumi alfajiri mimi nikiwa ndani, hilo ni suala la ratiba.

Wazo ni la Wamarekani. Wenzetu kule wanachukua pikapu wanaifungia chumba kwenye bodi ya nyuma. Ukiwa barabarani paa limelala chini, upepo hauna pa kulikamata, mafuta hayaendi ovyo. Ukifika porini unalisukuma juu, kuta za turubai zinanyooka, unasimama wima ndani ya gari lako unachemsha chai. Kitanda kinaenda mbele, juu ya kabini. Nikapata mchoro mtandaoni wenye vipimo vya futi na inchi, nikaona mambo yamejipa, maana hata plaiwudi zetu zinauzwa futi 4 kwa 8.

Kumbe yule bwana wa mchoro pikapu yake ina bodi ya futi 8. Plaiwudi nzima inalala bila kukatwa. Yangu ni kabini mbili, nyuma ni futi 5 na hapo umebana pumzi. Fundi wangu wa Nyakato, hapa Mwanza, aliutazama ule mchoro kwenye simu, akaulaza, akausimamisha, akarudisha miwani ya kuchomelea kichwani.

"Mzee, hii ni ya kuishi au ya kufugia?"

Nikamwambia achome. Tukakata jiko. Tukakata kabati. Tukakata kabenchi ambako ningeketi jioni nikitafakari maisha. Kikabaki kitanda na kaupenyo ka kupandia, na mtu wa kufikiri vizuri atakubali kwamba kambini watu huenda kulala.

Paa lilikuwa zito. Plaiwudi moja ya milimita 12 inakaribia kilo 20, na juu yake kuna skwea paipu, bati na rangi koti mbili. Ili nisivunje mgongo nikafunga shokapu za mlango wa nyuma wa Noah, zile zinazoushikilia mlango juu. Nilizipata mtumba. Muuzaji alisema bado zina gesi, na kweli zilikuwa nayo, ila ilikuwa gesi ya uzeeni. Mbele na nyuma tukaweka paneli za bawaba: ukishapandisha paa unazisimamisha, zinalibeba, ukitaka kushusha unazisukuma kidogo kwa ndani, zinakunja goti, paa linateremka.

Sasa njooni kwenye komeo, maana hapa ndipo penye akili. Fundi alikuwa na komeo la boneti kutoka Corolla iliyokufa. Akaliweka kiganjani, akalibana kwa bisibisi: ka! Linajifunga lenyewe. "Mzee, hili ukilibamiza, mwizi aje na nyundo, aje na nondo, anatoka jasho bure." Waya wake tukaupitisha hadi kwa dereva, kishikio tukakifunga chini ya usukani, ubavuni mwa kile cha boneti yenyewe. Unaketi kwenye kiti chako, unavuta, paa linaachia. Vibaka wa stendi wote umewamaliza.

Mama watoto alikizunguka kile chumba mara moja tu, kanga mabegani, akauliza, "Sasa marehemu anaingilia upande gani?" Sikumjibu.

Safari ya majaribio tukaenda Igombe, mimi na shemeji, mdogo wake mama watoto, ambaye kazi yake ni dereva na heshima yake kwangu haina breki. Tukaegesha karibu na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Ulikuwa wakati wa giza la mwezi, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wote walikuwa majini, taa zimetapakaa mpaka ukadhani kuna mji mwingine kule mbele. Nikalisukuma paa kwa mabega. Likapanda! Watoto wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akatazama mbingu, akatazama turubai, akasema, "Hapo ulipo, usiku upepo unageuka." Nikamwambia mzee wangu, hiki kina komeo.

Shemeji alikataa kulala juu. "Hapana, shemeji, huko ni kwako wewe mkubwa." Akajikunja kwenye kiti cha dereva na redio yake, simu yangu ikabaki naye inachaji. Tukakubaliana alfajiri twende Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kununua sato kabla wachuuzi hawajawamaliza. Nikapanda, nikawasha taa, na vidudu vyote vya Ziwa Victoria vikaja kuona mradi. Nikazima taa. Nikalala nikiwa nimetafuna baadhi yao.

Wanaolijua ziwa hili wanajua tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, hewa inapanda, mawingu yanajikusanya juu ya ziwa bila kelele. Yakishiba, yanakuja. Mimi yalinijia saa kumi. Kwanza turubai likavimba kwa ndani, halafu likavimba kwa nje, halafu paneli ya nyuma ikakunja goti. Ile ya mbele ikaona mwenzake kapumzika, nayo ikapumzika. Shokapu za Noah hazikutoa hata pingamizi. Paa likaja lote, na mwishoni kabisa, juu ya mvua na radi, nikausikia ule mlio: ka!

Mlio safi. Fundi angekuwepo angetabasamu.

Kati ya pua yangu na plaiwudi palibaki nafasi ya kupitisha kadi ya benki. Turubai lilikuwa limejikunja kuziba kaupenyo ka kushukia, nimebanwa kati ya godoro na paa kama chapati kati ya sahani mbili. Nikaita. Radi ikajibu. Nikagonga chini kwa kisigino, yaani juu ya kichwa cha shemeji. Shemeji akaamka, akaongeza sauti ya redio, akawasha gari.

Baadaye alinieleza kwamba alidhani ni sufuria. Na kuhusu kimya changu alisema, "Nilijua umelala, nikaona si adabu kumwamsha shemeji."

Nimeishi Mwanza miaka mingi lakini sikuwahi kujua kuna matuta mangapi kutoka Igombe kwenda uwanja wa ndege. Pua yangu inajua. Kila tuta nilipanda, nikabusu plaiwudi, nikarudi. Kila kinachosemwa kabini nilikisikia, maana ilikuwa chini ya mgongo wangu. Pale Pasiansi mama watoto akapiga simu. Shemeji akapokea: "Amelala, dada. Tena fofofo." Nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. "Hapana, dada, ni redio."

Mwaloni Kirumba alfajiri hakuna utulivu: magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye malori, mengine yanaelekea Kongo, makuli wanakimbia, akina mama wanabishana bei. Shemeji akaegesha katikati ya hayo yote, akafunga milango, akaenda kutafuta sato. Nikamsubiri mtu apite karibu. Nikasikia kuli anaegemea gari. Nikasema kwa upole kabisa, "Kijana, nisaidie."

Gunia lilianguka. Sijui la nani.

"Gari linaongea!"

Watu wakajaa. Mama mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu, mwingine upande wa pili anasoma dua, na katikati yao jamaa mwenye sauti nzito akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia sijatumwa, naomba mniitie shemeji yangu.

"Lina shemeji!" akawatangazia wenzake.

Hapo akina mama wakarudi nyuma hatua kadhaa, maana jini lenye ukoo si la kuchezea.

Shemeji akatokea na sato wake mkononi, akapenya watu, akaweka sikio kwenye bati.

"Shikamoo, shemeji. Umeamka?"

"Vuta kishikio chini ya usukani!"

Akavuta. Boneti ikafunguka. Umati mzima ukahamia mbele kunitafuta kwenye injini. Kijana mmoja, na huyu nilimsikia vizuri kabisa, akafungua kifuniko cha oili, akainama, akaita, "Mzee, uko huku?"

"Kile kingine!"

Kile kingine kikavutwa, komeo likaachia kama lilivyotengenezwa, na paa halikuinuka hata inchi moja, kwa sababu shokapu za Noah zilikuwa zimeshastaafu. Ikabidi makuli wanne walishike kila kona. "Moja, mbili, haya!" Mwanga ukaingia. Nikatoka na bukta, vidudu nyweleni, nikawasalimia. Wachache waliitikia.

Yule mwenye sauti nzito akapima kile chumba kwa macho, akauliza kama nakipangisha, maana ana mtu wake analala juu ya magunia. Nikamwambia tutaongea.

Makuli hawakuwa na muda wa maongezi. Walitaka hela yao, na bei ya pale inahesabiwa kwa gunia. Wakanitazama juu mpaka chini, wakateta, wakasema mimi ni magunia mawili. Nikakataa, moja na nusu. Ubishi ukawaka mpaka shemeji akaingilia, akatoa pochi, akawaomba wapunguze kidogo, kwani mzigo wenyewe umeshuka kwa miguu yake.