Pwani yenye bandari, tope na majabali: je, inaufaa mchezo wa mikakati?

Katika michezo mingi ya mikakati, pwani ni mahali rangi ya kijani inapokutana na ya bluu, basi. Katika Civilization V, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola, utafiti ukishafika hatua fulani, askari huingia baharini wenyewe bila meli ya kuwabeba. Inarahisisha uchezaji, lakini aliyejenga mji kwenye ghuba tulivu hamzidi sana aliyejenga penye jabali.

Wanaotaka pwani iwe na uzito wana hoja. Tarawa, visiwa vya Pasifiki vilivyoshikwa na Wajapani, Novemba 1943, Wamarekani walikuta maji mafu, yaani yasiyojaa sana. Mashua zao zilihitaji kina cha takriban mita moja, zikakwama kwenye mwamba, na askari wakatembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi. Inchon, bandari ya Korea, Septemba 1950, tofauti ya maji kujaa na kupwa ilikaribia mita 9; waliotua asubuhi kisiwani Wolmi walingoja maji ya jioni ndipo wenzao wafike.

Hata hivyo, zamu moja ikiwa ni mwaka mzima, kupwa na kujaa hakuna maana. Kanuni hiyo ibaki kwenye michezo ambayo zamu yake ni saa chache. Kwenye ramani kubwa, kinachofaa kupimwa ni uwezo wa kupakua.

Weka aina ya pwani kwenye ukingo wa kigae (kipande kimoja cha ramani), si kigae kizima, maana kigae kimoja chaweza kuwa na mchanga upande huu na jabali ule. Viwango vya kuanzia: bandari ipitishe vikosi 4 kwa zamu, mchanga 1, tope 1 bila silaha nzito, jabali 0. Zamu ikiwa fupi kuliko msimu, wakati wa dhoruba mchanga nao uwe 0. Chakula na risasi vipite kwenye uwezo huohuo. Hapo ndipo kanuni inapouma, kwani anayerundika askari ufukweni atawaua njaa. Mshambuliaji atalazimika kuitafuta bandari mapema, na mlinzi ataamua kama aibomoe kabla haijatekwa, kama Wajerumani walivyofanya kwenye bandari ya Cherbourg, Ufaransa, mwaka 1944.

Pingamizi zito ni kompyuta inayocheza kama mpinzani. Kupanga meli, ulinzi na askari wafike pamoja huishinda hata sasa, na kila kanuni mpya humpa binadamu nafasi ya kuihadaa. Lakini kingo zinazofaa kutua zikipungua, machaguo yake nayo hupungua: programu inayotengeneza ramani iandae orodha ya sehemu za kutua, kompyuta ichague humo badala ya kupekua pwani nzima.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni mkwamo. Ufukwe ukiwa mmoja, mlinzi atajaza jeshi hapo na vita vitaganda. Kila vigae 10 vya pwani viwe na angalau sehemu 2 za kutua, zilizo mbali kiasi kwamba kikosi kimoja hakiwezi kuzilinda zote. Na uwezo wa kila ukingo uonekane kabla askari hawajapanda meli. Mchezaji akiugundua akiwa tayari ufukweni, ataulaumu mchezo.